Mlio Chini ya Mvua

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza matibabu. Hospitali wataandika namba zangu. Mengine nitayaandika hapa.

Mlio uko kwenye masikio yote mawili, zaidi la kushoto. Ni mwembamba, kama televisheni ya zamani iliyoachwa inawaka chumba cha pili. Ulianza mwaka jana, baada ya miezi mingi ya kukaa kwenye kibanda cha mizani, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Nimepewa matone, nimepewa vidonge, nimeambiwa nipunguze mawazo. Kelele yenyewe hainitishi sana. Kinachonitisha ni kwamba mimi bado kijana, na kila nikijaribu kuifikiria miaka iliyobaki, naikuta yote imeshaingiliwa.

Chumba cha matibabu kina kiti kama cha daktari wa meno. Fundi wa mashine ni mwanamke mnene, mpole, namwita dada. Alinivua saa na mkanda, akaniuliza kama nina chuma chochote kichwani, kama nimewahi kuanguka kifafa. Akanipa vizibo vya masikio. Kisha akaniwekea kichwani kitu kama miwani mikubwa isiyo na vioo. Hiyo ndiyo sumaku. Kwanza anatafuta nguvu inayomfaa kila mtu. Alipiga mara moja, ta! na kidole gumba changu kikaruka chenyewe.

"Umekiona?"

"Nimekiona, dada."

"Basi mwenye nyumba yupo," akasema, akagonga kichwa changu taratibu kwa kidole, akacheka.

Sikucheka. Kidole changu kilikuwa kimefanya jambo bila kuniuliza.

Daktari alinieleza bila kupamba. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata, na hakuna ajuaye mapema nani ni nani. Kila asubuhi nitaulizwa namba: sifuri ni kimya, kumi ni kelele isiyovumilika. Namba isiposhuka, watahamisha sumaku au watabadilisha mwendo wa mapigo, wajaribu kwingine. "Hatuna chombo cha kuusikia mlio wako," alisema. "Chombo ni wewe."

Leo nimesema nane.

Jumanne, 11 Machi

Nane. Kichwa kiliuma kidogo mchana. Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Kwenye benchi la kusubiri nipo na mzee mmoja ambaye wote wanamwita Refa. Alichezesha mpira tangu ujana wake, na anasema filimbi ndiyo iliyomlipa mlio huu kama kiinua mgongo. Mashine yake hupiga haraka, sumaku ikiwa mbele kidogo ya sikio. Yangu hupiga polepole, sumaku ikiwa nyuma zaidi. Tumekwisha kuyajua haya yote kwa sababu hakuna kingine cha kuzungumza.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Karani wa mizani, mzee. Ghala la saruji. Napima malori."

"Aa! Kumbe na wewe ni refa. Wanakutukana?"

"Kila siku."

"Safi. Asiyetukanwa hajachezesha."

Dada alipomwita, mlango ulibaki wazi. Nilimsikia akimuuliza, "Ngapi leo, Refa?" Akajibu kabla hajaketi, "Tisa. Na usinitazame hivyo, siyo mimi niliyeitengeneza."

Nilijisikia vibaya kwa niaba ya dada.

Jumatatu, 17 Machi

Dada alifika amelowa hadi magotini. Mama yake amelazwa wodi ya juu na yeye anakimbia huku na huko. Alinifunga mkanda wa kichwa mikono ikiwa ya baridi, akauliza, "Unaendeleaje, mdogo wangu?"

"Afadhali, dada."

Nimelelewa hivyo. Mtu akikuuliza hali, humtwishi mzigo wako mlangoni. Lakini yeye alikuwa ameshika kalamu.

"Afadhali ya ngapi?"

Nikasema saba.

Alitabasamu. Ni mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu siku ile ya kwanza. "Unaona? Nilijua wewe utakuwa wa kwanza."

Mvua ilikuwa inapiga paa la bati kiasi kwamba sikuusikia mlio hata kidogo. Kwa hiyo labda ni kweli. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye: sikuwa na hakika.

Jumatano, 19 Machi

Saba. Mvua mchana kutwa. Malori matatu tu.

Ijumaa, 21 Machi

Sita.

Nikitoka hospitali naenda moja kwa moja kazini. Msimamizi ameniruhusu asubuhi hizi kwa sababu mvua imesimamisha ujenzi na malori ni machache. "Ila jua likiwaka," alisema, "nataka masikio yako yawe hapa, yasiwe yamelazwa."

Madereva wananiita Kilo. Lori huingia tupu, nalipima. Likitoka limejaa, nalipima tena. Leo mmoja alizidisha, akaja dirishani na uso wa msiba.

"Kilo, ndugu yangu, hebu punguza kidogo tu. Nani atajua?"

"Namba ni ile inayowaka pale, kaka. Siyo ya kwangu."

"We una roho ya sumaku!"

Hakujua alichosema. Akashusha mifuko akinung'unika, na mimi nikakaa nikitazama namba zikishuka kadiri mifuko ilivyoshushwa. Asubuhi ile ile, mimi mwenyewe nilikuwa nimesema sita. Hakuna mfuko wowote ulioshushwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mama mdogo, ambaye nakaa kwake, ameshawapigia simu ndugu wote. Nimerudi nikamkuta anazungumza na mama yangu: "Sumaku, dada! Ndiyo, sumaku! Wanamwekea kichwani na inautoa wote. Mtoto analala kama kichanga." Kisha akanipa simu.

"Baba, ni kweli?" mama akauliza.

"Afadhali, mama."

Alilia kidogo kwa furaha. Nilikaa nimeishika ile simu hata baada ya kukatika. Sikusikia huzuni wala furaha. Nilisikia mvua kwenye bati.

Jumatano, 26 Machi

Leo mvua haikunyesha.

Niliamka na kitu cha kwanza kuja kilikuwa mlio wenyewe, mzima, mahali pake pale pale. Nilitoka nje nikasimama uani. Jirani alikuwa anafagia maji, nililiona fagio likienda, na juu ya fagio ulikuwepo mlio. Nilirudi chumbani nikafunga dirisha. Nikafungua tena. Nilijaribu kuziba sikio moja, kisha lingine, kama mwanzo nilipokuwa bado nafikiri kuna hila nitakayoigundua. Haukuwa umeshuka. Haukuwa umeshuka hata kidogo. Siku zote zile ulikuwa umekaa chini ya mvua ukinisubiri nimalize kusema uongo.

Nilitembea kwenda hospitali kwa miguu badala ya kupanda basi, ili nipate muda wa kujipanga. Nilijisomea sentensi: Dada, naomba radhi, namba nilizokupa hazikuwa sahihi. Niliisoma kama ninavyowasomea madereva uzito wao. Ilitoka vizuri. Njia nzima ilitoka vizuri.

Refa alikuwa benchini amevaa koti kwenye jua. Alinitazama. "Leo una sura ya mtu aliyekosa penalti."

"Sijalala vizuri, mzee."

"Mlio?"

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Lakini mlango ulifunguka, na dada alikuwa na kanga kavu begani na uso mkunjufu, mama yake ameruhusiwa kurudi nyumbani. Akasema, "Mgonjwa wangu wa mfano, njoo." Akanishika mkono. Mtu akikushika mkono kwa namna ile, unamwambiaje?

"Ngapi leo?"

"Sita, dada."

"Ile ile? Haijashuka?"

"Labda... tano na nusu."

Akaandika tano na nusu. Mashine ikaanza kupiga, ta, ta, ta, ngozi ya kichwa ikiruka kila pigo, na mimi nikakaa kimya kabisa kama tulivyoagizwa. Nilikuwa nangoja nione aibu. Haikuja. Nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia pale sumaku ilipo hadi vidoleni, na ganzi hiyo haikuwa ya sumaku.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imerudi. Daktari alikuja na wanafunzi wanne waliovaa makoti mapya. Walinizunguka kitini. Aliwaonyesha karatasi yenye mstari unaoteremka, akasema huu ni mteremko mzuri, akasema tusiwe na haraka ya kushangilia lakini tuutazame.

"Na mwenyewe anasemaje?" mwanafunzi mmoja akauliza.

Wote wakanitazama.

"Afadhali," nikasema.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemkuta Refa amekaa mahali pangu kwenye benchi, amechangamka kuliko kawaida.

"Mwanangu, nimehamia kwako."

"Kwangu wapi, mzee?"

"Kichwani! Daktari kaniita jana jioni. Kasema ule mpangilio wangu hauleti kitu, na muda wangu wa mashine unakwisha. Nina wiki hizi mbili tu, kisha foleni, wengine wanangoja. Kulikuwa na sehemu mbili za kujaribu. Ile ya juu kule, au hii ya nyuma, polepole, kama yako. Nikamuuliza, hii ya nyuma inafanya kazi? Akasema, kuna kijana mmoja anaendelea vizuri sana." Alinipiga bega. "Nikamwambia, weka hapo hapo. Yule kijana namjua. Ni refa mwenzangu."

Niliingia ndani. Nikaulizwa. Nikasema tano.

Jumamosi, 29 Machi

Sikutoka chumbani. Mama mdogo alileta chai, akauliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Jumatatu, 31 Machi

Nilimfuata dada hadi kwenye korido. Akageuka. "Vipi, mdogo wangu?"

"Nilitaka kukuuliza, mama anaendeleaje?"

"Afadhali," akasema.

Jumatano, 2 Aprili

Refa: tisa. Mimi: tano. Mvua ya rasharasha, mlio unasikika katikati yake.

Nimejaribu kufikiri kama karani. Refa alikuwa na sehemu mbili za kuchagua na muda wa kutosha kwa moja tu. Akachagua yangu kwa sababu yangu inafanya kazi. Yangu haifanyi kazi. Kila siku ninayonyamaza natumia siku yake, siyo ya kwangu. Nikifika hapo, akili inasimama kama lori kwenye matope: gurudumu linazunguka na hakuna kinachosogea.

Ijumaa, 4 Aprili

Sijui niandikeje.

Refa aliingia, mlango ukabaki wazi kama kawaida yake, hapendi kufungiwa. Dada akauliza. Akasita. Hajawahi kusita.

"Nane," akasema. "Hapana. Ngoja." Akasikiliza tena. "Saba na nusu. Saba. Andika saba."

Dada alipiga makofi. Refa alitoka anafuta macho kwa kiganja, akijifanya ni vumbi. "Mwanangu," aliniambia, "jana nilimsikia mjukuu wangu akinong'ona. Akinong'ona! Alikuwa ananisengenya, mshenzi yule, lakini nilimsikia."

Akanikumbatia. Alinuka sabuni na koti la mvua. Nilisimama mikono ikining'inia.

Mvua haikuwepo leo. Sina hata hiyo ya kuisingizia. Mzee yule hapambi namba. Kwa hiyo imeshuka kweli, kwenye mpangilio ambao mimi haukunisaidia. Nilidhani nikijua hivi nitapumua. Badala yake nimeanza kujiuliza mengine. Na kama ameshusha kwa sababu yangu? Kama mimi nilishusha kwa ajili ya dada, naye anashusha kwa ajili ya kijana wa benchi, basi kwenye chumba kile hakuna anayesikiliza sikio lake.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimesema.

Haikuwa ushujaa. Dada aliniambia wiki hii nakamilisha, kwamba daktari ameridhika, ataniandikia kuwa nimefanikiwa na kiti changu kitapewa mwingine. Aliniletea hata karatasi ya kutia sahihi. Nilishika kalamu. Mimi hutia sahihi kila siku, chini ya kila uzito. Mkono haukuandika. Safari hii tena kiungo changu kilifanya jambo bila kuniuliza, ila sasa hapakuwa na sumaku.

"Ngapi leo?" akauliza, kwa kawaida tu, akipanga nyaya.

"Nane."

"Nane?" Akageuka. "Imepanda? Lini? Ulikuwa karibu na kelele? Jenereta?"

"Haijapanda, dada. Haijawahi kushuka."

Alikaa kwenye kile kigoda chake cha magurudumu. Kilirudi nyuma kidogo kikagonga ukuta.

"Ile saba?"

"Nane."

"Sita?"

"Nane."

"Tano na nusu, mdogo wangu? Mtu anatunga na nusu?"

"Nilitaka kusema sita, ukauliza kama haijashuka."

Nilidhani atanigombeza, nilikuwa tayari kugombezwa, ingenifaa. "Kwa nini?" akauliza.

"Ulikuwa umelowa. Na mama alikuwa amelazwa. Ulifurahi."

"Mimi nilifurahi," alirudia polepole. Kisha akaweka mikono usoni. Hakulia. Alikaa tu hivyo, na nikaona kwamba nimemfanya mshirika wa jambo ambalo hakulijua.

Daktari aliitwa. Alikuja bila wanafunzi. Alisikiliza, akauliza maswali machache yaliyonyooka, akavuta mstari juu ya ule mteremko wangu mzuri. Alisema siyo mimi wa kwanza. Alisema pia, bila ukali, kwamba nilikuwa na nafasi ya kuhamishiwa kwingine tangu wiki ya pili na nimeitupa, na sasa muda niliobaki nao ni mdogo. Watajaribu ile sehemu ya juu, lakini nisitegemee. Nikasema sawa. Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

"Na Refa?" nikauliza.

Wakatazamana.

"Refa anaendelea vizuri," daktari akasema. "Tutamwacha palepale. Na wewe usimwambie. Akijua, atayumba, namba zake hazitatusaidia."

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Nilipofika kazini nilimkuta msimamizi mlangoni. Nilimwambia hapohapo, kabla sijavua koti, kwamba masikio hayajapona na huenda yasipone. Akanitazama kama lori lililokuja bila namba. "Mizani unaiona?" akauliza. "Naiona." "Basi kaa. Jenereta tutalisogeza." Alikuwa ameshaondoka nilipoelewa alichosema.

Jumanne, 8 Aprili

Refa aliwahi kufika. Alikuwa amenyoa.

"Mwanangu! Jana hukupita benchini. Nasikia unakamilisha?"

"Sikamilishi, mzee."

"Kwa nini? Si uko tano? Uko ngapi sasa?"

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme. Na safari hii nilikuwa na ruhusa ya daktari kabisa, uongo wenye muhuri. Ningesema tano na kila mtu angeridhika. Nilimtazama mzee yule aliyenyolewa vizuri, aliyechagua kichwa changu.

"Nane," nikasema.

"Leo?"

"Siku zote."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, nikaona uso wake ukifungwa kama duka. Alikaa. Mimi nilibaki nimesimama.

"Siku zote," akasema. "Na mimi nikaja kwako."

"Ndiyo, mzee. Naomba radhi."

"Nyamaza." Aliinamisha kichwa, akaziba sikio moja, akaliachia, akaziba la pili. Hapakuwa na mvua. Muuguzi alipita na toroli lenye gurudumu bovu. Refa alinyoosha mkono akamsimamisha, akasubiri hadi korido ikatulia. "Umeniharibia," akasema hatimaye. "Sasa sijui kama nilijisikia mimi au nilikusikia wewe."

Dada alifungua mlango akamwita. Alituona, na nadhani alijua. Refa aliingia na mlango ukabaki wazi.

"Ngapi leo, Refa?"

Nilishika ukingo wa benchi. Dada hakumsaidia. Hakurudia swali, hakutabasamu, alishika kalamu tu mbali kidogo na karatasi. Nilisikia kiti kikilia chini ya uzito wa mzee akijigeuza upande huu, kisha upande ule, akisikiliza.

"Saba," akasema. "Nimetafuta nane, sijaiona. Andika saba. Na huyo wa nje mwandikie nane kabisa, asije akaipunguza kabla hajafika mlangoni."

Alipotoka alipita mbele yangu bila kunigusa. Hatua chache mbele akasimama, hakugeuka. "Kesho njoo mapema," akasema. "Sipendi kukaa benchi peke yangu." Akaondoka.

Niliingia. Dada alisogeza sumaku juu, mahali papya, akanipa vizibo. Hakuniita mdogo wangu.

"Ngapi?"

"Nane."

Hakutabasamu. Aliandika.